Manifoldi ya joto la sakafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi au kufanya kazi Ulaya na Amerika Kaskazini, katika nyumba zinazopashwa joto kwa maji yanayozunguka chini ya sakafu. Vipimo vingi vinafuata kiwango cha Ulaya, EN 1264, na desturi ya mafundi wa Ujerumani. Pale Marekani wanapofanya tofauti, tumetaja.

## Mambo ya mwanzo

1. Manifoldi ni nini hasa?

Ni mabomba mawili mafupi na manene, ya shaba, chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu, yaliyofungwa moja juu ya jingine ndani ya kabati la ukutani. Bomba mama la kwanza hupokea maji moto na kuyagawa kwenye matundu 2 hadi 12. Kila tundu hulisha bomba jembamba linalozunguka chini ya sakafu ya chumba kimoja au sehemu ya chumba; bomba hilo ndilo tunaloliita mzunguko. Maji yakishaacha joto lake sakafuni, hurudi kwenye bomba mama la pili na kuelekea tena kwenye boila.

Manifoldi haizalishi joto hata chembe. Boila inapika, manifoldi inapakua. Ukilielewa hilo, nusu ya malalamiko yaliyomo humu chini utayatatua mwenyewe, maana chumba kikiwa baridi watu hukimbilia kuongeza moto jikoni wakati kosa liko kwenye upawa.

2. Kwa nini bomba moja lisizunguke nyumba nzima?

Kwa sababu chumba cha kwanza kingeungua na cha mwisho kingebaki na maji yaliyopoa. Bomba la mita 500 pia lingehitaji pampu yenye nguvu kupita kiasi, na usingeweza kufunga chumba kimoja bila kufunga vyote. Manifoldi inavipa vyumba vyote maji yenye joto lilelile kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni wingi wa maji tu.

3. Nitajuaje bomba lipi linakwenda na lipi linarudi?

Shika. Mfumo ukiwa unafanya kazi, la kwenda lina joto zaidi. Ujerumani lebo huandikwa "Vorlauf" kwa la kwenda na "Rücklauf" kwa la kurudi. Koki kubwa za kufungia huwa na mpini mwekundu kwa la kwenda na wa buluu kwa la kurudi. Usiamini rangi peke yake: mpini hufunguliwa kwa skrubu moja, na fundi mwenye haraka huweza kuupachika popote.

4. Ile mirija midogo kama ya kioo yenye namba ni ya nini?

Ni mita za mtiririko, mara nyingi zenye kipimo cha 0 hadi 5, yaani lita kwa dakika. Ndani mna kijiti chekundu au cheusi kinachosukumwa na maji. Kwa aina nyingi, ukizungusha pete ya chini ya mrija, au mrija wenyewe, mtiririko huongezeka au hupungua. Tumia mkono, si koleo. Mrija ni plastiki, na ukipasuka maji ya mfumo yatakurukia usoni.

Kijiti kikisoma 0, kuna mambo matatu: kichwa cha umeme cha mzunguko huo (swali la 5) kimefunga, au mzunguko una hewa (swali la 13), au mita imeganda kwa uchafu (swali la 14).

5. Na vile vichwa vyeupe vyenye waya?

Hivyo ni vichwa vya umeme. Ndani mna nta. Thamostati ya chumba ikiita joto, umeme wa wati moja au mbili huipasha nta, nayo inavimba na kukiinua kichwa. Pini ya valvu inapanda na maji yanapita. Kazi hiyo huchukua dakika 3 hadi 5, kwa hiyo usitarajie mlio wala mwendo wa ghafla. Vingi vina kidirisha au kitufe kinachochomoza kuonyesha kwamba valvu iko wazi.

Vingi pia ni vya aina inayofunga umeme ukikatika. Ndiyo maana waya ukilegea, chumba hupoa badala ya kupata moto.

Vipo vya volti 230 na vya volti 24, na kwa nje vinafanana kama mapacha. Soma maandishi ubavuni kabla ya kununua kingine.

## Vipimo

6. Kila mzunguko unahitaji maji kiasi gani?

Chukua wati zinazohitajika chumbani, gawanya kwa 70, kisha gawanya tena kwa tofauti ya nyuzijoto kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Jibu ni lita kwa dakika.

Mfano: sebule ya mita za mraba 20 inayohitaji wati 50 kwa kila mita ni wati 1,000. Kwa tofauti ya nyuzijoto 5, hizo ni lita 2.9 kwa dakika. Sebule hiyo kwa kawaida ina mizunguko miwili (swali la 7), basi kila mmoja uwekwe lita 1.4. Chumba cha mtoto kinachohitaji wati 320 kinatosheka na lita 0.9. Ukipanga tofauti ya nyuzijoto 10, namba zote zinapungua kwa nusu.

Wati hizo huwa kwenye hesabu ya fundi aliyesanifu mfumo. Omba karatasi hiyo, na ikiwezekana ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi inaweza kuhitaji wati 30 hadi 50 kwa mita ya mraba. Ya zamani yenye kuta tupu inaweza kufika 100, na hapo sakafu peke yake huanza kuzidiwa.

7. Bomba la mzunguko mmoja liwe na urefu gani?

Kwa bomba lililozoeleka, la milimita 16, usivuke mita 100, ukihesabu na safari ya kutoka kwenye kabati hadi chumbani na kurudi. Nafasi ya sentimita 10 kati ya mistari hula mita 10 za bomba kwa kila mita ya mraba. Sentimita 15 hula mita 6.7, sentimita 20 hula 5. Sebule yetu ya mita za mraba 20 kwa nafasi ya sentimita 15 inataka mita 134, ndiyo maana inagawanywa mizunguko miwili.

Ukilazimisha mzunguko mrefu, msuguano unapanda na pampu inashindwa. Wasanifu wengi hujitahidi msuguano wa mzunguko usipite milibari 250 hivi. La pili, mzunguko wa mita 120 ukikaa kwenye manifoldi moja na wa mita 30, utahangaika kuusawazisha kila mwaka.

8. Maji yawe na joto gani, na mbona sakafu siisikii moto mguuni?

Nyumba mpya yenye pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje badala ya boila) hutumia maji ya nyuzijoto 30 hadi 35. Nyumba za zamani zenye boila huenda 40 au 45. EN 1264 inataka uso wa sakafu usizidi nyuzijoto 29 mahali pa kukaa, 33 bafuni, na 35 kwenye ukingo chini ya madirisha makubwa.

Sakafu ya nyuzijoto 24 katika chumba cha nyuzijoto 20 inatoa wati 40 hivi kwa mita ya mraba, na hiyo inatosha nyumba nyingi mpya. Mguu wako hautasema "moto", kwa sababu ngozi yenyewe imezidi hapo. Kwa hiyo pima hewa ya chumba, usipime sakafu kwa unyayo.

Tuongeze hili kwa sababu tunazijua sebule zetu: zulia nene lililotandikwa ukuta hadi ukuta, na juu yake magodoro ya kukalia, linazuia joto lisipande. Fundi hawezi kulitibu hilo kwenye manifoldi.

## Kusawazisha

9. Nasawazishaje manifoldi hatua kwa hatua?

Tenga saa moja ya kazi na siku mbili za kusubiri.

Kwanza fungua vyote: panga thamostati zote kwenye kiwango cha juu na usubiri dakika 10, au fungua nati za vichwa vya umeme na uviweke kando. Hakikisha pampu inazunguka. Fungua mita zote hadi mwisho. Sasa angalia mita bila kugusa kitu: mizunguko mifupi itasoma 3 au 4, mirefu itasoma chini ya 1. Hapo umeona ugonjwa kwa macho. Maji ni mvivu, hufuata njia rahisi, na mzunguko mfupi ni mlafi.

Mzunguko mrefu kuliko yote uache wazi. Halafu bana mingine mmoja mmoja hadi kila mita isome namba uliyoikokotoa kwa kanuni ya swali la 6. Ukimaliza wa mwisho, rudi wa kwanza, kwa kuwa namba zitakuwa zimehama. Raundi tatu kwa kawaida zinatosha. Ikiwa mrefu bado haufiki namba yake na mingine yote iko sawa, ndipo upandishe pampu daraja moja.

Rudisha vichwa, subiri saa 24, kisha pima joto la kila bomba la kurudi. Kipimajoto cha kubana kwenye bomba ni bora. Ukitumia cha miale, usikielekeze kwenye chuma kinachong'aa, kitakudanganya kwa nyuzijoto nyingi. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na upime juu yake. Bomba linalorudi na moto kuliko wenzake linapewa maji mengi mno. Punguza kidogo, robo lita tu, na usubiri siku nyingine.

10. Nikigusa chumba kimoja, mbona vingine vinabadilika?

Kwa sababu wote wanakula sahani moja. Pampu inatoa kiasi chake, na ukimnyima mmoja, fungu lake linawaendea wengine. Zipo manifoldi zenye valvu zinazojisawazisha, ambazo hushikilia lita ulizopanga hata majirani wakifungwa. Zina bei kubwa zaidi, lakini kwenye nyumba yenye mizunguko 10 tunaona zinastahili.

## Matatizo ya kawaida

11. Chumba kimoja ni baridi, vingine viko sawa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kabati. Pandisha thamostati ya chumba hicho, subiri dakika 10, tazama mita yake. Mita ikisoma namba ya kawaida na chumba bado baridi, tatizo ni zulia, dirisha, au hesabu ndogo ya wati. Mita ikisoma 0, angalia kama kichwa cha umeme kimechomoza na kama kina uvuguvugu ukikishika. Kikiwa baridi, hakipati umeme au kimekufa. Kibadilishane na cha chumba kinachofanya kazi ili uwe na hakika.

Kichwa kikiwa hai lakini maji hayaendi, shuku pini. Baada ya kiangazi kirefu bila kazi, pini ya valvu hunasa. Fungua kichwa, utaona kijiti cha chuma cha unene wa msumari. Kibonyeze kwa kipande cha mti: kinapaswa kushuka milimita 3 au 4 na kurudi chenyewe kwa springi. Kikinasa chini, gonga ubavu wa valvu taratibu na ubonyeze tena mara kadhaa. Usikivute kwa koleo. Kikichomoka, maji yatakifuata.

12. Thamostati ya chumbani kwangu inapasha joto chumba cha jirani. Inawezekanaje?

Waya zimechanganywa, au mabomba yameandikwa majina yasiyo yake. Ni kosa la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri. Lijaribu hivi: shusha thamostati zote, subiri vichwa vyote vifunge, pandisha moja tu, uone kichwa kipi kinachomoza na baadaye sakafu ipi inapata joto. Andika. Rudia kwa kila chumba, kisha hamisha waya kwenye kisanduku cha viunganishi. Volti 230 si mchezo: zima umeme wa kisanduku kwanza.

13. Nasikia maji yanabwabwaja. Natoaje hewa?

Kuzungusha vitoa hewa vilivyoko mwisho wa manifoldi husaidia hewa iliyokwisha kufika pale tu. Iliyonasa katikati ya sakafu husukumwa kwa maji, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanafungua yote pamoja, maji yanapita njia rahisi, na puto la hewa linabaki limekaa palepale.

Zima pampu na ufunge koki kubwa mbili zinazoelekea kwenye boila. Funga mizunguko yote isipokuwa mmoja. Unganisha mpira wa maji kwenye koki ndogo ya kujazia ya bomba la kwenda, na mpira mwingine kutoka koki ya bomba la kurudi hadi kwenye ndoo, ncha yake ikiwa imezama ndani ya maji ili uone mapovu. Fungua ya ndoo kwanza, halafu ya kujazia. Mita 100 za bomba la milimita 16 hubeba lita 11 hivi, kwa hiyo ndoo moja haitoshi. Endelea mpaka mapovu yakatike kabisa, kisha funga na uende mzunguko wa pili. Presha isipite bari 2.5. Mwisho, ondoa mpira wa kujazia: maji ya mfumo hayatakiwi kubaki yameunganishwa na ya kunywa.

14. Vioo vya mita vimekuwa vyeusi. Ni hatari?

Ni kutu ya chuma iliyosagika, na ni dalili kwamba oksijeni inaingia. Mabomba ya plastiki yaliyolazwa Ulaya miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi hayakuwa na tabaka la kuzuia oksijeni. Inapenya ukuta wa bomba na kwenda kula chuma cha boila na radieta. Tope hukaa kwenye mita, kwenye valvu na kwenye pampu.

Kuosha kunarudisha mtiririko, lakini si tiba. Kwa mabomba ya aina hiyo, dawa ni kutenganisha maji ya sakafu na ya boila kwa kibadilisha joto cha sahani, na pampu na vipuri vya upande wa sakafu viwe vya shaba, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kichujio chenye sumaku kinasaidia kila mfumo.

15. Valvu inagonga "taka-taka-taka" inapofunga.

Karibu kila mara bomba la kwenda na la kurudi yamepishanishwa, na maji yanaisukuma valvu kwa nyuma. Soma mshale uliochongwa kwenye manifoldi. Kama mshale uko sawa, shusha nguvu ya pampu.

16. Presha inashuka kila wiki. Nitajuaje kama inavuja chini ya sakafu?

Nyumba ya kawaida hukaa kwenye bari 1 hadi 1.5 ikiwa baridi (Marekani hujazwa paundi 12 hivi kwa inchi ya mraba). Kwanza kagua tangi la upanuzi (linalopokea maji yanapotanuka kwa joto), maana ndilo mshukiwa mkuu. Kisha, usiku mmoja usio na baridi kali, zima mfumo na ufunge koki zote mbili za manifoldi. Asubuhi, geji ya boila ikiwa haijashuka, uvujaji uko upande wa sakafu. Baada ya hapo tenga mizunguko mmoja mmoja, kwa kufunga mita yake na kukaza kifuniko cha mkono mahali pa kichwa cha umeme.

## Hali za pekee

17. Nina radieta juu na joto la sakafuni chini, kwa boila moja. Inafaa?

Inafaa, lakini maji ya radieta ya nyuzijoto 60 au 70 hayaruhusiwi kuingia sakafuni. Manifoldi inahitaji valvu ya kuchanganya na pampu yake, ikichota maji yanayorudi na kuyapoza yanayokuja. Lazima pia pawe na kikomo cha usalama, kwa kawaida nyuzijoto 55, kinachoizima pampu valvu ikiharibika. Skridi, yaani tabaka la saruji linalofunika mabomba, hupasuka kwa joto kubwa, na mbao huvimba.

18. Pampu yangu ya joto inajizima na kulalamika kwamba maji ni machache.

Thamostati zimefunga karibu mizunguko yote. Pampu ya joto inahitaji kiasi cha chini cha maji kisichokatika. Toa vichwa vya umeme kwenye korido, bafu na sebule, uviache vyumba hivyo wazi daima, na upunguze joto la maji kwenye mashine badala ya kufungafunga vyumba.

19. Nasafiri kwenda nyumbani Desemba kwa wiki sita. Nizime?

Usizime. Weka thamostati kwenye nyuzijoto 15 au 16. Sakafu yenye skridi ya sentimita 6 huchukua saa nyingi kupata joto, na bomba lililoganda ni gharama utakayoikuta mlangoni. Mpe jirani ufunguo na umwonyeshe geji ya presha.

20. Nimepanga. Naruhusiwa kugusa kabati?

Kutazama mita na kushika mabomba hakuna neno. Kusawazisha kunagusa joto la wenzako, kwa hiyo mwenye nyumba ajue. Kifaa chenye lakiri kilicho pembeni ni mita ya joto inayokutoza bili. Lakiri usiikate kabisa.

21. Skridi mpya inaweza kupashwa lini?

Kabla ya kumwaga, mabomba hujaribiwa kwa presha ya bari 4 hadi 6 na kuachwa na presha wakati wa kumwaga. Skridi ya saruji husubiri siku 21, ya kalsiamu salfeti siku 7. Kisha maji ya nyuzijoto 25 kwa siku 3, na baada yake joto la juu lililosanifiwa kwa siku 4. Ukiharakisha, nyufa zitakueleza.

22. Nimetoboa sakafu na skrubu imeingia kwenye bomba!

Usiichomoe. Skrubu yenyewe ndiyo kizibo kwa sasa. Nenda kwenye kabati, ufunge mita ya mzunguko huo, toa kichwa cha umeme na ukaze kifuniko cha mkono hadi mwisho. Kichwa kilichofunga si kizuizi cha kutegemea. Vyumba vingine vinaendelea kupata joto kama kawaida.

Ukiwa tayari na ndoo na vitambaa, fundi atachimba eneo la sentimita 30 hivi, akate sehemu iliyotobolewa na kuunga kwa kiungio cha kubana kilichoidhinishwa kufukiwa. Kiungio kivikwe kinga kabla saruji haijarudishwa, mzunguko ujaribiwe kwa presha, na umbali wake kutoka kuta mbili uandikwe kwenye mchoro wa nyumba, ili mwenye kuja na drili baada yako apate pa kuangalia.